Macheo Juu ya Mlima Rungwe kwa Msafiri Atokaye Kasumulu

Aliyelala Kasumulu, mpakani mwa Tanzania na Malawi, halioni jua likichomoza kutoka majini. Mashariki ya uwanda wa Kyela, ng'ambo ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, Milima ya Livingstone imeinuka moja kwa moja kutoka ufukweni hadi kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa hauzidi mita 500. Anga hupambazuka, ndege huanza kulia, watu wa mpakani hufungua maduka, na jua lenyewe bado limejificha nyuma ya milima ya Ukinga. Matema, iliyo chini kabisa ya milima hiyo, hubaki kivulini muda mrefu baada ya Itungi, iliyo mbali zaidi na milima, kuanza kuota jua. Anayetaka kuliona jua likitoka mwanzo wake, pale linapokata upeo wa macho, hana budi kupanda hadi afikie kimo cha milima inayomzibia.

Mlima unaofaa kwa kazi hiyo ni Rungwe. Kilele chake kinakaribia mita 3,000, karibu sawa na vilele vya juu vya Kitulo vilivyo mashariki yake, kwa hiyo hakuna kitu kirefu kinachosimama kati ya mtazamaji na jua. Ni volkano iliyolala, yenye msitu mnene ubavuni, mianzi juu ya msitu, kisha nyasi na vichaka vifupi karibu na kilele. Tangu 2009 ni hifadhi ya mazingira asilia, nayo sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Humo ndimo watafiti walimokutana kwa mara ya kwanza na kima wa kipunji, aliyetambulishwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005 ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua tangu zamani. Kutoka juu, kukiwa kweupe, huonekana uwanda wote wa Kyela, ncha ya ziwa, safu ya Livingstone na milima ya Ileje.

Si kila mtu anafaa kupanda Rungwe, na hilo lisemwe mapema. Mwenye watoto wadogo au magoti mabovu atapata macheo mazuri Kitulo, tambarare ya mita 2,600 na zaidi inayofikika kwa gari, ama kwa barabara ya Chimala hadi Matamba yenye kona 57, ama kwa upande wa Isongole. Hifadhi hiyo ya taifa iliyoanzishwa 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, iko wazi pande zote, na baridi yake ni ya kweli: Juni hadi Agosti nyasi huamka zimeganda sakitu. Kilele cha Mbeya, kinachozidi mita 2,800, humpa mtu jua pamoja na taa za jiji zikizimika chini yake. Mlima Ngozi unapendwa kwa ziwa lake lililo ndani ya kreta, lakini ukingo wake umefunikwa na miti. Mahali hapo panafaa zaidi saa nne asubuhi kuliko alfajiri.

Majira ya kwenda ni Juni hadi Oktoba. Kuanzia Novemba hadi Mei mvua huinyeshea Rungwe kwa wingi ambao sehemu chache za Tanzania huupata, na Aprili njia za msituni huwa vijito. Lakini ndani ya kiangazi chenyewe miezi haifanani. Juni na Julai ndiyo yenye baridi kali kuliko miezi mingine, na hewa yake ni safi, hivyo ziwa huonekana mpaka mbali. Kuanzia Agosti mwishoni watu huchoma mashamba na mapori, moshi hujaa angani, na jua huchomoza jekundu sana lakini ziwa hupotea. Mwenye kutaka rangi aende Septemba. Mwenye kutaka kuona mbali aende Juni. Ikiwa nafasi ni moja tu, Juni ndiyo bora, baridi yake ikivumiliwa.

Ipo sababu ya kwenda alfajiri badala ya mchana, na si uzuri peke yake. Usiku hewa ya mlimani hupoa, huwa nzito, ikateremka mabondeni, na kilele hubaki kweupe juu ya ukungu uliojikusanya chini. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu wa ziwa hupanda, hupoa njiani na kuwa wingu. Mara nyingi kufikia saa nne au saa tano kilele kimekwisha kufunikwa. Anayepanda kwa starehe na kufika adhuhuri huweza kutumia siku nzima na nguvu zake zote asione hata mti ulio hatua ishirini mbele yake.

Suala la saa linahitaji uangalifu kuliko jambo lingine lolote katika safari inayoanzia mpakani. Tanzania yote hutumia saa moja, lakini jua halijui mipaka ya serikali: Rungwe iko magharibi sana ya Dar es Salaam, na jua huifikia dakika 20 na kitu baadaye. Mwezi Julai linachomoza saa 1 kamili asubuhi au dakika chache baadaye. Desemba huchomoza karibu saa 12 na dakika 23, na mapema kabisa ni katikati ya Novemba, saa 12 na robo hivi. Mgeni wa Pwani aliyezoea jua la saa 12 na nusu mwezi Julai huwahi kupita kiasi, na kuwahi huko kuna gharama yake, kama itakavyoonekana.

Kisha kuna simu. Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe, ikiwa Kasumulu au popote karibu na Mto Songwe wa mpakani, inaweza kushika mtandao wa ng'ambo usiku na kujirudisha nyuma saa nzima bila mwenyewe kujua. Kengele iliyotegwa kulia saa 8 usiku italia wakati Tanzania ni saa 9, na gari la kukodi litakuwa limekwisha kuondoka. Dawa ni rahisi: kuzima mpangilio wa saa wa moja kwa moja, kuiweka saa ya Tanzania kwa mkono, na kuhakikisha kwa kuuliza mtu mwingine kabla ya kulala. Anayetoka Karonga, upande wa Malawi, afanye vivyo hivyo mara tu anapogongewa muhuri.

Hata hivyo kulala Kasumulu usiku wa kuamkia kupanda si busara. Kutoka mita 500 hadi karibu 3,000 kwa usiku mmoja ni kuunyima mwili nafasi ya kuzoea. Hewa ya kileleni ina shinikizo la asilimia 70 hivi ya ile ya usawa wa bahari, na ingawa kimo hicho si cha kuua, kichwa kuuma, kichefuchefu na pumzi kukatika huwapata wengi waliopanda kwa haraka. Ni afadhali kuondoka Kasumulu asubuhi ya siku iliyotangulia kwa kosta au Noah za barabara ya Mbeya, kula mchana Tukuyu, na kulala Tukuyu au, bora zaidi, Isongole, ambako barabara kuu yenyewe iko juu ya mita 2,000. Kila mita iliyopandwa na gari jana ni nguvu iliyohifadhiwa kwa leo.

Siku hiyo ya Tukuyu ina kazi nyingine. Kupanda Rungwe kunahitaji kibali cha TFS na mtu wa kuongoza njia, na malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, si kwa kumpa mtu fedha mkononi. Ni vema kufika ofisini mapema, siku ya kazi, na kueleza waziwazi kwamba nia ni kuwa kileleni alfajiri, kwa kuwa kutembea usiku ndani ya hifadhi na kulala humo ni mambo yanayohitaji ruhusa na mpango wa pekee. Kiongozi wa kweli atauliza maswali: umri, afya, viatu, nani amewahi kupanda mlima. Anayekubali kila kitu bila kuuliza chochote anafaa kuachwa.

Njia zinazojulikana zaidi ni mbili. Ya kusini huanzia pande za Rungwe Misheni, iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1891, na ina mwinuko mrefu zaidi wa kupanda. Ya kaskazini huanzia Isongole, na kwa kuwa huanzia juu, humfaa anayewania macheo. Kwa mtu wa kawaida kupanda huchukua kati ya saa nne na saa sita. Mpango ulio salama ni kupanda mchana, kupiga hema mahali palipokubaliwa na hifadhi juu ya msitu mnene, na kubakiza saa moja na nusu tu ya kutembea gizani. Kupanda usiku kucha kunawezekana, lakini mizizi na majani ya mianzi yaliyoloa huteleza vibaya, na anayevunjika kifundo cha mguu saa 9 usiku katikati ya msitu atakaa hapo mpaka kuche.

Hapa ndipo gharama ya kuwahi inapojitokeza. Kinachowashinda watu juu ya mlima si kupanda, ni kusubiri. Anayepanda hutoa joto jingi; hufika kileleni ametokwa jasho, koti liko wazi, anaona baridi ya mlimani imesifiwa bure. Akikaa chini, ndani ya dakika kumi joto la mwili lililokuwa likizalishwa na misuli hukoma, jasho lililo kwenye fulana huanza kukauka kwa kunyonya joto la ngozi, na upepo humalizia. Hesabu ya hewa yenyewe haina fumbo: kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Usiku wa Julai wenye nyuzi 18 Kyela huwa na nyuzi 3 kileleni, na upepo wa kilomita 30 kwa saa huzifanya nyuzi hizo 3 zihisiwe na ngozi kama ziko chini ya sifuri. Tena saa ya baridi kabisa ya usiku si usiku wa manane bali ni macheo yenyewe, kwa sababu ardhi hupoteza joto usiku kucha mpaka jua lianze kulirudisha.

Kwa hiyo muda wa kufika hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka saa ya jua. Mwezi Julai weupe wa kwanza huonekana mashariki karibu saa 11 na dakika 45, na rangi nzuri huanza dakika 30 kabla ya jua. Kufika kileleni saa 12 na dakika 20 kunatosha: rangi zote zitaonekana, na kusubiri hakutazidi sana dakika 40. Kundi lenye kambi ya saa moja na nusu chini ya kilele liondoke saa 10 na dakika 50, na likiona limewahi, lipunguze mwendo njiani badala ya kwenda kuganda juu. Wapandaji wa Kilimanjaro huondoka kambi ya mwisho karibu usiku wa manane kwa sababu wanahitaji saa nyingi, na kwa sababu changarawe iliyoganda hukanyagika vizuri kuliko iliyoyeyuka. Rungwe haina sababu hiyo ya pili, na kuiga ratiba ya Kilimanjaro huku ni kujitesa.

Mavazi yafuate ukweli huo wa kusubiri. Jambo la kwanza, lenye thamani kuliko koti lolote, ni fulana kavu ya pili iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Mara tu baada ya kufika, kabla ya kupiga picha hata moja, fulana yenye jasho ivuliwe na kavu ivaliwe. Ni dakika moja ya mateso inayookoa dakika arobaini. Pamba hushika maji na haikauki upesi, kwa hiyo fulana za michezo za nailoni au sweta jembamba la sufu hufaa zaidi kuwa karibu na ngozi. Juu yake livaliwe sweta zito, na juu ya yote koti lisilopitisha upepo, hata kama ni koti la mvua la bei nafuu, maana sweta bila kizuia upepo ni wavu. Kofia ya mzura, glovu na soksi za pili si mapambo. Masokoni Tukuyu na Mbeya makoti mazito ya mitumba ni rahisi kuyapata kuliko Kyela, ambako joto halimlazimishi mtu kuyatafuta. Suruali ya jinzi ibaki nyumbani: ikilowa umande wa nyasi, na italowa hata katikati ya kiangazi, huwa nzito na baridi mpaka adhuhuri. Gambuti huzuia maji vizuri, ila huteleza kwenye mteremko na huchubua. Buti au raba zenye meno marefu ni bora.

Kile kinachotandikwa chini nacho kina uzito wake. Jiwe la kileleni hunyonya joto la aliyelikalia kwa haraka kuliko hewa inavyofanya. Kipande cha godoro jembamba, au hata mkoba uliolazwa, humtenga mtu na jiwe. Upepo wa kiangazi huku hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo pa kusubiri ni upande wa kaskazini-magharibi wa kilele, nyuma ya mwinuko au vichaka, watu wakiwa wamekaa karibu karibu. Rangi zikianza kuiva ndipo watu hutoka kwenda ukingoni. Chupa ya chai ya moto yenye sukari na tangawizi, kwa majani yaliyochumwa Katumba, hufanya kazi mara mbili, kwa kuwa sukari ndiyo kuni za mwili unaotetemeka. Mihogo ya kuchemsha, maandazi na karanga hulika vizuri kwenye baridi. Pombe ipigwe marufuku kabisa. Hupanua mishipa ya ngozi, mtu akajiona amepata joto, kumbe joto la ndani linatoka nje.

Kutetemeka ni dalili njema inayosema mwili bado unapigana. Hatari ipo pale mtu anapoanza kujikwaa, kusema maneno yasiyoeleweka, kukataa kuvaa koti, au kuacha kutetemeka ilhali hajapata joto. Huyo hasubirishwi macheo. Avuliwe nguo zilizolowa, avalishwe kavu, akumbatiwe na mwenzake chini ya blanketi, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anameza vizuri, na ateremshwe. Kila kundi likubaliane chini, kabla ya kuanza, kwamba neno la kiongozi juu ya kushuka halina mjadala, maana kileleni kila aliyelipa nauli hutamani kuongezewa dakika kumi.

Kwa wakazi wa Kyela na wageni waliokaa huko siku kadhaa, kuna mtego mwingine. Uwanda wa ziwa una malaria, na homa yake huanza kwa kutetemeka na baridi. Mtu akiumwa mlimani wenzake humwambia ni hali ya hewa. Anayejisikia mchovu, mwenye maumivu ya viungo au joto la vipindi apime kipimo cha haraka kwenye zahanati kabla ya kupanda, na akiwa na shaka aahirishe. Mlima haulipizi kisasi kwa anayekuja mwezi ujao.

Jua linapokaribia, mengi huonekana kwa ajuaye pa kutazama. Saa moja na zaidi kabla ya macheo huweza kutokea mwanga hafifu uliosimama wima mashariki, ule ambao wanazuoni wa Kiislamu huuita alfajiri ya uongo. Baada yake ndipo hufuata weupe unaotanda upeo wote, na anayeswali atambue kuwa wakati wake umeingia. Juni na Julai jua hutokea kushoto kidogo mwa mashariki halisi, juu ya Kitulo. Desemba huhamia kulia, juu ya safu ya Livingstone. Katika mwezi wowote halitokei ziwani, kwani ziwa liko mbali zaidi kusini. Maji hung'aa baadaye, mwanga ukishavuka milima. Na pale pale jua linapotoka, watazamaji wageuke nyuma. Kivuli cha Rungwe hulala magharibi kikiwa na umbo la pembetatu, hata kama kilele hakina ncha, kwa sababu ya umbali tu. Mwezi Julai huelekea milima ya Ileje. Kukiwa na ukungu chini upande huo, mtu huweza kuona kivuli chake mwenyewe kimezungukwa na duara za rangi. Wengi hushuka bila kuviona vyote viwili, macho yao yakiwa kwenye simu iliyoelekezwa mashariki.

Simu zenyewe hufa kwa baridi. Betri hupoteza nguvu, kwa hiyo zibebwe ndani ya fulana, karibu na mwili, zitolewe wakati wa picha tu. Darubini isielekezwe kwenye jua hata likiwa jekundu na dogo, kwa kuwa jicho huungua bila kuuma.

Moto wa kuota usiwashwe. Kishawishi ni kikubwa, na nyasi kavu za Julai hushika haraka. Msitu huu hulisha vijito vya mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayoteremka hadi Kyela, na mpunga unaojulikana nchi nzima kwa harufu yake hulimwa kwa maji yanayotoka huku juu. Anayetoka Kasumulu kwenda kuota moto kileleni anachoma chanzo cha maji ya majirani zake.

Kushuka kuanze kufikia saa 3, kabla mawingu hayajapanda. Sweta livuliwe mapema, mara mwili unapopata joto, lisiloe jasho, libaki kavu kwa safari ya garini. Magoti huumia zaidi kushuka kuliko kupanda, na fimbo ya mwanzi iliyoazimwa kwa kiongozi husaidia sana. Watu waliokesha wasiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo. Mteremko wa Tukuyu hadi Kyela una kona kali na malori yanayokwenda mpakani. Afadhali kulala saa mbili Tukuyu, kisha kupanda kosta. Atakayepata homa ndani ya majuma mawili baada ya kurudi aende kupima malaria siku hiyo hiyo, wala asiseme ni baridi ya mlimani.